Sahani za Santuri na Adabu ya Kusikiliza

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii yatosha kueleza mambo mengi katika historia ya vyombo vya muziki. Kanda ilipoenea, sahani ya santuri iliwekwa kando. CD ilipotokea katika mwaka 1982, kanda nayo ikaanza kuzeeka. Na nyimbo zilipoanza kuletwa kwa intaneti mpaka katika simu ya mkononi, CD yenyewe ikaachiwa vumbi la rafuni. Kwa kanuni hiyo sahani ya santuri ingalikuwa imekwisha kusahauliwa zamani. Lakini haikusahauliwa. Nchini Marekani, katika mwaka 2022, ziliuzwa sahani za santuri zipatazo milioni 41, na CD zipatazo milioni 33. Tangu mwaka 1987 sahani hazikuwa zimezishinda CD kwa idadi. Huku kwetu nako, katika Soko la Kenyatta mjini Nairobi, kibanda cha sahani kuukuu kimewavuta wanunuzi kwa miaka mingi.

Yafaa basi tuulize: ni nini kinachowarudisha watu kwenye chombo kizito, ghali na chenye kudai matunzo, hali muziki wote wa dunia waweza kutiwa mfukoni? Mashabiki wa santuri hujibu upesi kwamba sauti yake ni bora. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo ni dhaifu, na kwamba lipo jingine lenye nguvu zaidi. Sahani humtaka msikilizaji asikilize kweli, na humtunzia mwimbaji jina lake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Neno santuri limetumika tangu zamani kwa chombo na kwa kile kinachochezwa juu yake. Ili tusichanganyikiwe, nitasema sahani kwa kile kinachozunguka, na gramafoni kwa chombo kinachoizungusha. Thomas Edison, Mmarekani, ndiye aliyevumbua katika mwaka 1877 chombo cha kuhifadhi sauti na kuirudisha, lakini sauti yake ilichorwa juu ya mcheduara. Sahani bapa ililetwa na Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, ambaye aliomba hataza ya gramafoni katika mwaka 1887. Sahani za kwanza zilizoenea zilifanywa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu wadogo ambao wengi wao huishi katika miti ya Uhindi. Zilikuwa nzito, nazo zilivunjika kama vigae. Baadaye ikaja plastiki iitwayo vinili, nyepesi zaidi na isiyovunjika upesi. Katika mwaka 1948 ikatolewa sahani ndefu ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata ile ndogo ya mizunguko 45.

Mtu akiitazama sahani kwa haraka hudhani kwamba ina mifuo mingi, yaani vijia vyembamba vilivyochimbwa, kimoja ndani ya kingine. Sivyo. Kwa kawaida kila upande una mfuo mmoja tu, ulioanzia ukingoni na kuzunguka mpaka karibu na kitovu, kama ukili mmoja mrefu ulioshonwa kwa kuzungushwa hata ukawa kikapu. Katika upande wa sahani ndefu uchukuao dakika 20, mfuo huo ukinyooshwa waweza kupita mita 400, mzunguko mzima wa uwanja wa mbio. Kuta za mfuo hazikulainika. Zina mawimbi madogo mno, na mawimbi hayo ndiyo umbo la sauti yenyewe. Sindano hupita humo ikitetemeka, mtetemo ukageuzwa kuwa umeme, umeme ukakuzwa, na kipaza sauti kikautoa tena kuwa sauti. Hata umeme ukikatika na kipaza sauti kikanyamaza, mtu akiinamisha sikio karibu na sindano wakati sahani ingali inazunguka, husikia wimbo mwembamba kama mlio wa mdudu. Wimbo umo katika kitu chenyewe.

Sasa tuipime ile hoja ya sauti. Wapenzi wa santuri husema kwamba sauti yake ina joto na uhai. Maneno haya hayana uongo kwa anayeyasema, kwa kuwa anaeleza apendavyo. Lakini hayathibitishi ubora. Sahani hukwaruza. Vumbi likiingia katika mfuo hulia. Kila ichezwapo huchakaa kidogo, na sindano mbovu huiharibu upesi zaidi. Tena sindano hukimbia mfuoni kwa mwendo wa sentimita 50 hivi kwa sekunde ukingoni mwa sahani ndefu, lakini karibu na kitovu, ambako duara ni dogo, hubaki sentimita 20 na kitu tu. Ndiyo sababu sauti za juu hupoteza usafi wake kadiri upande unavyokaribia kwisha. Nakala ya kidijitali haina maradhi haya. Hutoa ukimya palipo ukimya, na ikichezwa mara elfu haibadiliki. Mwanafunzi akiambiwa kwamba sahani hushinda kwa usafi wa sauti, ana haki ya kutoamini.

Hata hivyo hoja ikishindwa, pendo lenyewe halijashindwa. Yatupasa kutafuta mizizi yake mahali pengine, na mahali pa kwanza ni katika mipaka ya sahani.

Sahani ya shelaki yenye upana wa inchi 10, izungukayo mara 78 kwa dakika, huchukua muda wa dakika tatu hivi kila upande. Mipaka hiyo ndiyo aliyoikuta Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja, aliposafiri na wapigaji wake kwenda Bombay katika mwaka 1928 kutia sauti yake katika sahani. Kabla ya safari ile, masikio ya watu wa Pwani yalikuwa yamekwisha kuzizoea sahani za Misri na Uhindi. Sasa walisikia lugha yao wenyewe ikitoka katika gramafoni. Lakini taarabu ya barazani haikuwa na saa. Mwimbaji aliweza kurudia ubeti uliowapendeza watu, na fidla ikajibu kadiri ilivyopenda. Mbele ya chombo cha kurekodi haikuwa hivyo. Ilibidi kuchagua ni beti zipi ziimbwe, ni wapi ala zipewe nafasi, na ni wapi wimbo ukome. Fundi asiyejua kuchagua alikatwa na saa. Fundi ajuaye aliitumia saa kama fundi seremala atumiavyo kipimo chake.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatashangaa kwa haya. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na hakuna mshairi hodari aliyelia kwamba mizani imemnyima usemi. Kinyume chake, neno lililolazimika kuingia mahali finyu huchaguliwa kwa uangalifu, na kwa kuchaguliwa huko hupata nguvu. Sahani ina ukwapi na utao wake: upande wa kwanza na upande wa pili.

Mfano ulio wazi kupita yote ni benga. Katika mtindo huu, uliokuzwa na wanamuziki wa Nyanza kama vile D. O. Misiani na kundi lake la Shirati Jazz, wimbo huanza kwa maneno, magitaa yakiyajibu. Kisha sauti za watu hupisha, na gitaa la mbele hukimbia peke yake huku ngoma zikilisukuma. Sahani ndogo ya mizunguko 45 haikuweza kuuchukua wimbo kama huo wote kwa upande mmoja. Basi aghalabu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Kisa kilisimuliwa upande wa kwanza. Upande wa pili ukaachiwa zaidi magitaa na miguu ya wachezaji. Katikati palikuwa na ukimya, muda wa mtu kuinuka, kuinua mkono wa gramafoni, kuigeuza sahani na kuiweka tena sindano. Ukimya huo ulifanya kazi ambayo kituo hufanya katika masimulizi ya mzee ajuaye kusimulia: husita penye utamu, na wasikilizaji husogea. Wimbo huo huo ukisikilizwa leo bila mkato, mshono ukiwa umefichwa, hakuna noti iliyopotea; lakini ngojea imepotea, na ngojea ilikuwa sehemu ya wimbo.

Watengenezaji wa sahani ndefu nao walijifunza kupanga. Kwa kuwa karibu na kitovu usafi hupungua, wengi walipendelea kuweka nyimbo zenye kishindo mwanzoni mwa upande na zile za upole mwishoni. Tena walijua kwamba kila upande una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, hivyo waliuchagua kwa makini wimbo wa kufungua na wimbo wa kufunga. Sahani ndefu iliyopangwa vizuri husomeka kama kitabu cha sura mbili. Msikilizaji arukaye huku na huko katika orodha ya simu ni kama msomaji asomaye ukurasa wa kumi, kisha wa mia, kisha wa tatu, halafu akasema kwamba riwaya haikumgusa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye adabu ya kusikiliza. Gramafoni haimruhusu mtu aondoke akaisahau. Upande mmoja wa sahani ndogo humpa dakika tatu au nne, na wa sahani ndefu dakika 20 na kitu, kisha humwita. Ili kusikiliza, sharti achague sahani moja na kuziacha nyingine, aitoe katika mfuko wake, aishike kwa ukingo, aifute, aiweke, ateremshe sindano polepole. Mtu akiisha kujishughulisha hivyo kwa ajili ya wimbo, huona aibu kuupuuza. Humkalia wimbo kama tumkaliavyo mgeni: hatumwachi sebuleni akizungumza na kuta.

Simu imetufundisha desturi nyingine. Nyimbo hutiririka tangu asubuhi hata usiku, chini ya mazungumzo, chini ya masomo, chini ya usingizi. Huwa kama mvua ya bati, ambayo baada ya muda sikio haliisikii tena. Sisemi kwamba simu ndiyo mkosaji. Chombo hakina dhambi. Nasema kwamba chombo kilichotuondolea kila taabu kimetuondolea pia nafasi ya kuamua kusikiliza. Kijana aliyezoea kuukata wimbo katika sekunde ya kumi kwa kuwa haujampendeza hataufikia upande wa pili wa benga. Na desturi ya sikio haibaki sikioni. Asiyeweza kumvumilia mwimbaji kwa dakika tatu atamvumiliaje mwalimu, au mzee wake, au rafiki mwenye shida ambaye maneno yake hutoka polepole?

Mzizi wa pili wa pendo la sahani ni ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Katikati ya kila sahani hubandikwa karatasi ya duara, na katika karatasi hiyo huandikwa jina la wimbo, jina la mwimbaji au kundi, mara nyingi na la mtunzi. Nyingi za Afrika Mashariki zilitaja hata lugha ya wimbo, iwe Kiswahili, Kikamba au Kijaluo. Karatasi hiyo ni ndogo kuliko kiganja, lakini ni daftari. Haikutenda haki siku zote, kwa maana ugomvi juu ya nani aliyetunga wimbo gani umekuwapo, na wanamuziki wengi walilipwa haba na wakafa maskini. Lakini hata dai la haki huhitaji pa kuanzia. Wimbo usafirio simu kwa simu bila jina la mtu hauna hata hapo.

Sahani husafiri, tena huzaa. Katika mwaka 1950, Hugh Tracey, aliyepita sehemu nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekuwa amefariki tangu mwaka 1933, na ambaye sauti yake iliwafikia watu wa nchi ile kwa gramafoni. Kwa maelezo ya Tracey, walimwaza kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Sauti isiyo na mwili ilikuwa imefika vilimani. Nao wakaipa mwili, wakaitungia wimbo, wakauimba kwa ala yao. Katika muongo wa 2010 nakala za rekodi zile zilirudishwa kwa wenyewe, na baadhi ya wazee wakazisikia tena sauti za ujana wao.

Mfano mwingine ulikwenda upande wa kusini. Phares Oluoch Kanindo, mfanyabiashara wa muziki wa Kenya, alitoa benga katika sahani zenye chapa mbalimbali, mojawapo ikiitwa Sungura. Sahani hizo zilifika Zimbabwe, zikapendwa mno, hata muziki wa magitaa wa huko ukaitwa sungura, na kabla ya hapo kanindo. Taifa zima limeupa muziki wake jina lililosomwa katika karatasi ya duara iliyotoka Kenya. Je, ni wanafunzi wangapi wa Kenya walijualo jambo hili?

Swali hilo lina uchungu, nao lazima tuutaje. Sahani nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitolewa kwa idadi ndogo, na kanda za asili za studio mara nyingi hazipatikani tena. Basi sahani iliyosalia katika sanduku la marehemu babu huenda ndiyo nakala bora iliyobaki ya wimbo fulani, au moja ya chache sana. Wageni wametambua thamani yake kabla yetu. Katika mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo uitwao Kenya Special, wa nyimbo zilizorekodiwa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980. Ni kazi njema, na hatuna sababu ya kuionea wivu. Nairobi nako, Ketebul Music imefanya kazi ya kukusanya historia ya benga na mitindo mingine. Lakini wakusanyaji hawawezi kuingia katika kila nyumba. Sahani iliyoachwa juani hukunjika kama chapati; ya shelaki iliyoangushwa haiungiki; na iliyotupwa jaani huenda ikawa imetupwa na sauti ya mtu ambaye hakuacha kitu kingine.

Isidhaniwe kwamba naiabudu sahani. Bei ya sahani mpya na ya gramafoni njema si ya mfuko wa mwanafunzi, wala wa mwalimu wake. Wapo wanunuao sahani ili zionekane rafuni, kama wapo wanunuao vitabu kwa ajili ya rangi ya majalada; hao wamekipenda kitu na kukiacha kilichomo. Wapo pia waupendao mkwaruzo kwa sababu tu ni wa zamani. Mkwaruzo si uzuri, ni kovu. Twaweza kuliheshimu kovu la mzee bila kumtakia jeraha. Tena tusisahau kwamba ni teknolojia ya kidijitali iliyowezesha rekodi za Chemirocha kunakiliwa kwa wepesi na kurudishwa nyumbani. Sahani hutunza, na nakala hueneza; moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine.

Basi hukumu yangu ni hii. Sahani ya santuri haikudumu kwa kuwa ni bora kwa sikio. Imedumu kwa kuwa ni bora kwa usikivu. Mipaka yake ilimfundisha mwimbaji kuchagua, taabu yake ikamfundisha msikilizaji kutulia, na karatasi yake ikakumbuka jina. Mambo haya matatu hayakufungwa ndani ya vinili. Mtu asiye na gramafoni aweza kuyatenda.

Kwa hiyo nawapa vijana wasomao insha hii kazi mbili. Ya kwanza: chagueni wimbo mmoja wa zamani, wa Fundi Konde, au wa Daudi Kabaka, au wa mwingine yeyote wa kwenu, ukaeni chini na kuusikiliza tangu mwanzo hata mwisho bila kushika kitu kingine mkononi, kisha usikilizeni tena, na mara ya pili fuateni gitaa peke yake. Mtasikia wimbo ambao hamkuusikia mara ya kwanza. Ya pili: ulizeni nyumbani kama ziko sahani. Zikiwapo, zitoeni juani, zisimamisheni wima mahali pakavu, na mnakili katika daftari kila jina lililoandikwa juu yake, la wimbo na la mtu. Kisha mwulizeni mzee wa nyumba alikuwa wapi alipozisikia kwanza, na mwandike ajibuyo, maana mzee naye ni nakala moja tu.